Stafeli lina nguvu gani hasa dhidi ya saratani?

Ujumbe ule haufi. Kila baada ya miezi kadhaa unarudi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya waliosoma pamoja: stafeli linaua saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, kampuni za dawa zinajua na zimenyamaza, tuma kwa wengine uokoe maisha. Mwenye taaluma ya afya kwenye kundi huandika kwamba huo ni uongo. Shangazi mmoja humjibu kuwa jirani yake alipona. Mjadala huishia hapo, kila mtu na lake.

Kuuita uongo mtupu si sahihi, na hapo ndipo wataalamu wetu wanapojiangusha wenyewe. Hiyo 10,000 ina chimbuko. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu kemikali walizozitoa kwenye mbegu za stafeli. Mojawapo, ilipojaribiwa kwa seli za saratani ya utumbo mpana zilizooteshwa maabara, ilionyesha nguvu ya kuziua inayofikia mara 10,000 ya adriamycin, ile dawa nyekundu ya dripu ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti huitambua kwa rangi. Kemikali za kundi hilo huitwa asetojenini. Huziba mojawapo ya hatua ambazo seli hupitia kutengeneza nishati, na seli ya saratani, inayogawanyika ovyo na kutumia nishati nyingi, huumia upesi.

Kwa hiyo kuna kitu. Ila soma tena: ni mbegu, ambazo hakuna anayezila. Ni kemikali moja iliyotengwa na kusafishwa. Ni seli ndani ya kisahani, hazina tumbo la kuimeng'enya dawa wala ini la kuivunjavunja kabla haijafika kwenye uvimbe. Kikombe cha chai ya majani ya mstafeli ni jambo jingine kabisa. Hata anayekichemsha hajui kimebeba kiasi gani cha asetojenini, maana majani ya mti huu si sawa na ya ule, na leo amechemsha saba, kesho kumi na mawili. Hadi sasa hakuna majaribio makubwa kwa binadamu yaliyoonyesha kwamba stafeli, liwe tunda au jani, linatibu saratani.

Watetezi wa dawa za asili wana hoja nzito hapa na sipendi inavyopuuzwa. Wanauliza: mbona vinka ilileta dawa? Kweli ilileta. Ua lile la waridi na jeupe linalopandwa mbele ya nyumba kuanzia Lamu hadi Mtwara, lenye asili ya Madagaska, ndilo lililotupa dawa za saratani vinblastine na vincristine, na hiyo ya pili hadi leo ni nguzo ya matibabu ya watoto wenye saratani ya damu. Tena wanasayansi walilifuata kwa sababu waganga wa kienyeji walikuwa wakilitumia kwa kisukari. Asiyetaka kusikia habari za majani akumbuke hilo.

Lakini tazama vinka ilipitia nini. Kupata gramu moja ya vinblastine kulihitaji mamia ya kilo za majani makavu. Dawa ikapimwa, ikajulikana kipimo kinachotibu na kile kinachoua, ikawekwa kwenye sindano. Hakuna mtoto aliyeponywa saratani ya damu kwa chai ya vinka. Na ile hoja kwamba kampuni zinaficha stafeli kwa sababu mti hauna hakimiliki inapwaya papo hapo: paclitaxel, nayo dawa ya saratani, ilitoka kwenye gamba la mti, na kampuni zimevuna mabilioni ya dola kutokana nayo. Asetojenini ingefanya kazi kwa wagonjwa, wangekuwa wameshaikimbilia.

Upande wa pili nao hutia chumvi. Siku hizi kuna ujumbe mpya unaozunguka, kwamba stafeli ni sumu ya ubongo. Huo nao una chimbuko. Huko Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi, madaktari waliona wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kukakamaa, lakini usiosikia dawa zake. Matokeo yao yalitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1999: wagonjwa hao walikuwa wakila matunda ya jamii ya stafeli na kunywa chai ya majani yake kuliko wenzao. Mshukiwa ni annonacin, mojawapo ya asetojenini, kundi lilelile linalosifiwa. Panya waliopewa kemikali hiyo kwa mfululizo walipata madhara kwenye ubongo. Watafiti wakakadiria kwamba anayekula tunda moja kila siku kwa mwaka mzima huingiza kiasi kinacholingana na kile walichopewa panya, ingawa panya walipewa kupitia mshipa. Mwaka 2010 shirika la usalama wa chakula la Ufaransa liliupitia ushahidi huo na kusema hautoshi kuthibitisha kwamba stafeli ndilo linalosababisha.

Mimi hapo nachukua msimamo. Glasi ya juisi ya stafeli mara moja moja haina sababu ya kumtisha mtu. Chai ya majani kutwa mara tatu kwa miezi ndiyo inayofanana na yaliyotokea Guadeloupe, na ndicho hasa kipimo ambacho ujumbe wa WhatsApp unakipendekeza.

Kama tunda, stafeli ni la heshima, si la ajabu. Gramu 100 za nyama yake zina takriban miligramu 20 za vitamini C, gramu 3 za nyuzinyuzi, miligramu 278 za potasiamu na gramu 13 na kidogo za sukari. Pera la kawaida, lile ambalo watoto huliangua njiani wakitoka shule, lina vitamini C zaidi ya miligramu 200 kwa uzito huohuo, na hakuna anayelisambazia ujumbe. Ukitengeneza juisi, menya likiwa limeiva hadi ngozi inabonyea, toa mbegu kwa vidole moja moja, kisha ndipo uweke kwenye blenda. Wapo wanaosaga vyote halafu wakachuja. Mbegu zile ni sumu ya wadudu, unga wake ukiingia jichoni hujeruhi mboni. Na vile vijiko vitano vya sukari juu ya maziwa haviko kwenye tunda.

Hasara kubwa kuliko annonacin ni muda. Wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Si stafeli pekee linalowachelewesha: kuna nauli, kuna hofu ya kunyonyoka nywele, kuna rufaa zinazopita hospitali tatu. Ila mwenye uvimbe mdogo wa titi akikaa miezi sita na sufuria ya majani, anarudi na ugonjwa ambao upasuaji peke yake hauuwezi tena.

Kwa anayekunywa tayari huku yuko kwenye dripu au mionzi, la muhimu ni kumwambia daktari: ni jani, tunda au unga wa kopo, kiasi gani, tangu lini. Kwa wanyama wa maabara majani hayo yameshusha sukari na shinikizo la damu, kwa hiyo mwenye dawa za kisukari au presha ana sababu ya ziada ya kusema. Na daktari akishaambiwa asicheke, kwa sababu mgonjwa aliyechekwa mara moja ataendelea kunywa na safari ijayo hatasema.