Faiba ya kizazi kipya Mwanza: kasi ipo, njia je?

Kampuni zinazouza intaneti ya waya duniani zinahama kutoka GPON kwenda XGS-PON, teknolojia mbili za kusambaza intaneti kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, yaani faiba. GPON inashusha gigabiti 2.488 kwa sekunde na kupandisha 1.244. XGS-PON, ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) liliipitisha mwaka 2016, inatoa karibu gigabiti 10 kwenda na 10 kurudi. Nyuma yake inakuja teknolojia ya gigabiti 50, ambayo viwango vyake vikuu vilitoka mwaka 2021. Kwa Mwanza, wapo wanaosema turuke tu, kama tulivyoruka simu za mezani tukaingia kwenye za mkononi. Wengine wanajibu kwamba hata GPON yenyewe haijajaa, hivyo gigabiti 10 ni mapambo.

Kila upande una hoja. Tatizo ni kwamba wote wanabishania vifaa vya ncha mbili za waya, wakati fedha nyingi imelala katikati: kwenye mtaro, nguzo, vibali na kazi ya mafundi. Kadi ya mtambo wa kampuni hubadilishwa asubuhi moja. Mtaro uliopasuliwa kwenye mwamba wa Igogo haubadilishwi.

Tuanze na wanaosema GPON inatosha. Gigabiti hizo 2.488 hazimwendei mteja mmoja. Mwanga hugawanywa na splita, kijidude kisichotumia umeme, kwa nyumba 32 au 64. Ukigawa kwa 32, kila nyumba inabaki na megabiti 77 hata kama wote wanapakua kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei. Hata kati ya saa 2 na saa 4 usiku, mpira ukiwa hewani na watoto wakiwa YouTube, wastani wa nyumba moja ni megabiti chache tu. Kwa vifurushi vya megabiti 20 au 50, GPON bado ina nafasi tele. Mteja wa Kirumba anayelalamika kwamba mtandao unasumbua, mara nyingi shida yake ni Wi-Fi: rauta imefichwa nyuma ya televisheni, kuta za tofali tatu zikiwa katikati. XGS-PON haitamsaidia.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi kwenye kupandisha. Megabiti 1,244 kwa 32 ni 38 kwa kila mmoja. Kwa familia inatosha. Kwa hospitali ya rufaa kama Bugando inayotaka kutuma picha za CT, kwa chuo kama SAUT pale Malimbe chenye madarasa ya mtandaoni, kwa ofisi yenye kamera za ulinzi zinazohifadhi picha mbali, hapo ndipo GPON inapobana. Na kuna mteja mmoja ambaye watu humsahau: mnara wa simu. Mnara wa 5G unahitaji gigabiti kadhaa kutoka chini. Anayesema 5G itaua faiba asogee mguuni pa mnara aangalie kilichoingia kwenye kabati. Bila waya huo, mnara unategemea maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara, nayo ikipigwa juu ya maji ya ziwa ina shida yake: mawimbi huakisiwa na uso wa maji na kufika yakigongana na yale yaliyonyooka, ishara ikapanda na kushuka. Wahandisi hufunga antena mbili kwa kupishana kimo ili moja ikidhoofika nyingine ishike. Inasaidia, lakini uwezo wa maikrowevu haufikii wa uzi mmoja wa kioo.

Kwa hiyo soko la gigabiti 10 lipo Mwanza, ila si pale linapotangazwa. Ni minara, hospitali, vyuo, mabenki, viwanda vya samaki, hoteli za Capri Point. Nyumba za kawaida zitafuata baadaye, nyingine baadaye sana.

Uzuri ni kwamba huhitaji kuchagua moja ukaiacha nyingine. GPON hushusha kwa mwanga wa nanomita 1490 na kupandisha kwa 1310, XGS-PON hushusha kwa 1577 na kupandisha kwa 1270. Zote mbili hupita kwenye uzi uleule bila kugusana. Kampuni inaweka kadi inayotoa zote, kisha inambadilishia boksi la nyumbani yule tu anayelipia. Majirani 31 waliobaki hawajui kilichotokea.

Lakini hilo linawezekana tu kama waya ulijengwa na hesabu ya upotevu wa mwanga ikabaki na nafasi, na hapo ndipo mambo huharibika. Chukua waya wa kilomita 12 kutoka mtambo uliopo mjini hadi upande wa Buhongwa, ukihesabu mwanga unaorudi kutoka kwa mteja, ambao hupotea zaidi. Kilomita 12 kwa desibeli 0.35 ni 4.2. Splita ya 1 kwa 8 ikifuatiwa na ya 1 kwa 4 inakula karibu 17.8. Maungio manane ya kuchomelea, 0.1 kila moja, ni 0.8. Viunganishi vinne vya 0.4 ni 1.6. Jumla 24.4. GPON ya daraja la B+ inaruhusu upotevu wa 28, kwa hiyo umebaki na akiba ya 3.6. Sasa meneja wa mauzo anataka nyumba 64 badala ya 32 kwenye waya uleule ili kuokoa kadi. Splita ya pili inakuwa 1 kwa 8, jumla inafika 27.6, akiba inabaki 0.4. Kiunganishi kimoja chenye vumbi kinatosha kuimaliza. Kiini cha uzi huu ni maikromita 9 hivi. Chembe ya vumbi la Mwanza wakati wa kiangazi ni gogo kubwa mbele yake. Fundi asiyefuta ncha kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti safi anaanza kazi akiwa na deni.

XGS-PON ya daraja la kawaida la N1 inaruhusu 29, kwa hiyo mtu atadhani ina unafuu. Unafuu huo unaliwa na mambo mawili. Mwanga wa 1270 hupotea kidogo zaidi kwa kila kilomita kuliko wa 1310. La pili ni baya zaidi: kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka ndivyo mwanga unavyovuja kwenye kona kali, na 1577 huvuja kuliko 1490. Uzi wa kawaida wa G.652D hautaki kupindwa chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, ule wa G.657A2, uliotengenezwa kwa ajili ya kona, unavumilia hadi 7.5. Nyumba nyingi zimeingiziwa waya kupitia pembe ya dirisha, ukakazwa kwa klipu ya msumari hadi ukabonyea. Kwa GPON taa ni ya kijani na mteja ana furaha. Siku anapandishwa kwenda gigabiti 10, taa ya LOS, ile ya kusema mwanga umepotea, inawaka nyekundu, na kampuni inamtuma fundi akabadilishe boksi zima wakati kosa ni klipu ya miaka mitatu iliyopita.

Tukija kwenye njia yenyewe, Mwanza ina tabu yake. Mji umekaa juu ya mawe. Kando ya barabara kuu unaweza kuchimba mita moja ukalaza bomba, mkanda wa tahadhari ukiwekwa juu yake. Ukipanda Mabatini au Igogo, sururu inagonga mwamba kabla ya goti. Hapo kuna njia mbili: kupasua mfereji mfupi na kuufunika kwa zege, au kupitisha waya juu kwenye nguzo. Watu wa mtaro wanasema waya wa juu hukatwa na lori lililopakia kupita kimo, hulegea, huungua takataka zikichomwa chini ya nguzo. Ni kweli. Ila waya wa chini nao hukatwa na greda, na katika mji ambao barabara, mabomba ya maji na reli vinajengwa kila mahali, greda ni nyingi. Tofauti ni muda wa kutengeneza. Waya wa juu uliokatika unauona kwa macho. Wa chini unahitaji kifaa cha OTDR kikuambie mkato uko umbali gani, kisha uchimbe, uvute ziada, uchomelee uzi mmoja mmoja. Kwa milimani nguzo ndiyo jibu, kwa waya usio na chuma ndani na nguzo zisizoachana zaidi ya mita 50 hivi. Kwa barabara kuu, bomba, tena kubwa la kupangishana kampuni tatu au nne, kuliko kila mmoja kwenda kwa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, na kibali chake na kuchimba upande uleule.

Faiba pia ina kikwazo cha idadi ambacho intaneti ya 5G ya nyumbani haina. Ukipitisha waya mbele ya nyumba 32 na nyumba 8 tu zikajiunga, gharama ya njia inagawanywa kwa 8, yaani kila mteja amebeba mara nne ya alichopaswa kubeba. Boksi la 5G mteja analichukua dukani leo na analirudisha akihama. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Nyegezi hiyo ni sababu tosha. Ila uwezo wa mnara ni wa wote waliouzunguka, unashuka jioni, na mawe yaleyale yanayozuia mtaro yanakinga ishara pia; nyumba iliyo nyuma ya jabali inaweza kukaa mita 300 kutoka mnarani na isipate kitu cha maana.

Umeme ukikatika, splita hazijali kwa kuwa hazitumii umeme. Boksi la mteja na rauta yake hutumia takriban wati 12 kwa pamoja, hivyo betri ya volti 12 ya 7Ah inavisukuma saa 5 hadi 6. Ni ajabu kwamba kampuni chache humweleza mteja hili anapojiunga.

Halafu kuna lililo nje ya mji kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu kwa pamoja kwenye pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua. Mwenye gigabiti 10 nyumbani siku hiyo alikuwa sawa na mwenye 2. Kwa Mwanza, kilomita zaidi ya elfu moja kwa barabara kutoka bahari ya Dar es Salaam, faida kubwa kuliko XGS-PON ni kuwa na njia tatu zisizotegemeana za kutoka: kusini kupitia Shinyanga hadi Dar es Salaam, kaskazini kupitia Musoma na Sirari kuingia Kenya, magharibi kupitia Geita na Bukoba hadi Mutukula, mpakani na Uganda. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unagusa mipaka hiyo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ziwa kwenye upande wa tatu. Waya unaopita darajani ni rahisi kukagua kuliko uliolazwa majini. Lakini nyaya mbili ndani ya mtaro mmoja zinahesabika kama njia moja, hata kama kwenye ramani zimechorwa kwa rangi mbili.

Kwa mwekezaji, basi, ningeweka fedha kwenye uzi wa G.657A2 hadi mlangoni, splita zisizozidi nyumba 32, nyuzi za akiba kwenye kila kabati, na GPON kwa walio wengi, huku kadi za gigabiti 10 zikifuata wateja wanaosaini. Kwa mteja wa Kisesa au Igoma anayeletewa fomu leo, kasi iliyoandikwa kwenye kipeperushi si kitu cha kwanza cha kuuliza. Amwombe fundi ampimie mwanga mlangoni na kuandika namba kwenye fomu. Kati ya -15 na -23 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga ni dhaifu zaidi), asaini. Ikiwa -26, intaneti itawaka siku hiyo na kuanza kukatika baadaye, kwa hiyo fundi arudi kwenye nguzo kabla hajaondoka mtaani.