Jumla ya kampuni haisemi hali ya mto

Kampuni ya viwanda inapotoa ripoti yake ya mazingira, tarakimu za mbele kabisa huwa za jumla: viwanda vyake vyote, mwaka mzima. Kwa hewa ukaa, jumla hiyo ina maana, maana tani moja huchangia joto lile lile popote ilipotoka. Maji taka ni habari nyingine. Mto unachafuliwa na kiwanda kimoja kilichojengwa kando yake, pengine kwa saa chache tu za usiku mmoja, na wastani wa viwanda kumi hauwezi kuwaonyesha hilo wanaoutumia.

Wanaoutetea utaratibu uliopo wana hoja za kweli. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, ISO 14001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, kinakitaka kiwanda kiorodheshe athari zake, kijiwekee malengo, kimkabidhi mtu jukumu na kipime matokeo. Faida yake huonekana mapema. Ukifunga mita ya maji kwenye kila mtambo badala ya moja tu getini, utajua ni mtambo upi unaokunywa maji hata uzalishaji ukiwa umesimama. Hata hivyo, cheti ambacho kiwanda hupewa kwa kufuata kiwango hicho hakithibitishi kwamba kiwanda ni kisafi. Hakiweki kikomo cha uchafu. Kinathibitisha kwamba upo mfumo wa kuushughulikia. Viwanda viwili vyenye cheti kimoja vinaweza kutofautiana mno kwa kile wanachokipata majirani zao.

Nguvu ya kuweka takwimu hadharani tumeshaiona. Baada ya gesi ya sumu kuvuja kiwandani Bhopal, India, Desemba 1984, na kuua maelfu ya watu, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1986 iliyovitaka viwanda vitangaze kiasi cha kemikali za sumu vinazotoa, kila kiwanda peke yake. Mwishoni mwa Juni 1988, muda wa kuwasilisha takwimu za kwanza ulipowadia, kampuni ya kemikali ya Monsanto iliahidi kupunguza kwa asilimia 90 sumu iliyokuwa ikiitoa hewani, kufikia mwisho wa 1992. Kilichoisukuma ni hesabu iliyokuwa karibu kusomwa na kila mtu. Indonesia nayo, mwaka 1995, ilianza kuvipa viwanda alama za rangi, kuanzia dhahabu kwa vilivyo bora hadi nyeusi kwa vilivyo vibaya kabisa. Jirani asiyejua kemia anaelewa maana ya nyeusi.

Wenye viwanda hujibu kwamba takwimu za kila kiwanda zinaweza kumfichulia mshindani kiwango cha uzalishaji, na kwamba wasomaji huzitafsiri vibaya: kilo mia za kemikali moja zinaweza kuwa na madhara madogo kuliko gramu chache za nyingine. Hoja ya pili ni sahihi, na dawa yake ni kueleza ukali wa sumu pamoja na uzito wake. Ya kwanza inanishawishi kidogo tu. Uchafu ukishatoka bombani umeingia kwenye hewa na maji ya watu wengine, na watu hao wana haki ya kujua ni nini. Ninapokubaliana nao kabisa ni kuhusu viwanda vidogo. Kila mnunuzi mkubwa huwaletea dodoso lake, lenye vipimo vyake, na mtu yule yule anayesimamia usalama na matengenezo ndiye anayekesha akilijaza. Fomu moja inayokubalika na wanunuzi wote ingewasaidia kuliko semina nyingi.

Hata hewa ukaa, inayojumlishika vizuri, ina mianya yake. Kampuni inaweza kutangaza kwamba imepunguza hewa ukaa kwa kila tani ya bidhaa, huku jumla yake ikipanda kwa sababu uzalishaji umeongezeka. Inaweza pia kununua vyeti vya umeme safi na kuandika sifuri, ilhali umeme wake unatoka kwenye gridi ile ile inayochoma makaa ya mawe. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2015 wa GHG Protocol, utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, unataka hesabu mbili za hewa ukaa ya umeme: moja kwa kufuata gridi unakotoka, nyingine kwa kufuata mikataba ya ununuzi. Kwenye saruji mwanya ni mkubwa zaidi: zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, kwa hiyo picha ya paneli za sola kwenye jalada la ripoti haigusi sehemu kubwa ya tatizo. Msomaji aulize kiasi cha klinka, yaani zao la jiwe hilo lililochomwa, katika kila tani ya saruji.

Kwenye maji, swali la kwanza liwe namna sampuli ilivyochukuliwa. Kiwanda cha kutia nguo rangi humwaga mapipa yake kwa awamu. Chupa moja iliyojazwa saa nne asubuhi, kabla ya pipa lolote kufunguliwa, itatoa majibu mazuri, na majibu hayo yatakuwa ya kweli kwa chupa hiyo tu. Sampuli inayokusanywa kidogo kidogo kwa saa 24 hugharimu zaidi, lakini huyanasa hata maji ya saa nane usiku. Ripoti itaje ni ipi kati ya hizo mbili iliyotumika, kwa kila bomba, pamoja na siku ambazo kikomo kilivukwa.