Mtu Akikuomba Kipandikizi cha Ua, Mpe

Nina msimamo mmoja kuhusu maua ya nyumbani: jirani akisimama getini akaomba kijiti cha bogenvilia au kitawi cha asumini, mpe, tena siku hiyo hiyo, na kisu kakifuate wewe mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu mitaani kwetu hapa Tanga naona tabia ngeni inaota. Mtu amepata ua la rangi ambayo wengine hawana, basi halitoki. Ukimwomba anakwambia subiri mvua, mvua zikija subiri lichanue, na mwisho unaona haya kurudi. Anataka nyumba yake iwe peke yake yenye bogenvilia ya rangi ya chungwa.

Hamu hiyo naielewa, ila naipinga. Bustani zetu zimetokana na kuombana. Chukua asumini. Huku pwani haikupandwa iwe pambo la kutazamwa na wapita njia. Iliwekwa karibu na dirisha au uani, ili jioni maua yanapofunguka harufu iingie ndani. Vitumba vilichumwa kabla havijafunguka, vikatungwa makoja ya harusi, vikatiwa kwenye vikuba pamoja na mrihani na kilua. Kichaka kimoja hakiwezi kutosheleza harusi. Siku ya shughuli watoto hupita nyumba hadi nyumba na vibakuli, na kila nyumba huchuma ilichojaliwa. Sasa niambie, aliyewanyima wenzake mche, siku hiyo atachuma wapi?

Bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye asumini nyingi za barabara hii zimetoka kwake, hata hakati vijiti. Huchagua tawi refu la chini, akalikwaruza gome kidogo kwa ukucha karibu na kifundo, akalilaza kwenye udongo uliotifuliwa, akalifukia na kuweka jiwe juu. Tawi linaendelea kunyonya kwenye shina la mama huku likiota mizizi yake. Ukienda kuomba, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, anainama, anaondoa jiwe na kulivuta tawi taratibu kwa vidole viwili. Likigoma, limeshashika, analikata na kukufungia kwenye kipande cha gunia kibichi. Likifuata mkono, analirudishia udongo. “Bado halijaachishwa ziwa, mwanangu. Pita tena baada ya mvua.” Na ukirudi, unalikuta linakungoja. Huo ndio ugawaji ninaoutaka: mtu anaandaa mche kabla hajaombwa.

Bogenvilia haihitaji subira hiyo. Kata kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, ukikate mshazari chini ya kifundo. Ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini. Wakati wa masika hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo. Kikishakua usikizoeze maji mengi, kwa maana bogenvilia iliyoshiba maji hujaa majani na kusahau kuchanua. Na ukipata nafasi, kitazame kichala chake kwa karibu. Ile rangi nyekundu au zambarau tunayoisifia si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli kidogo cheupe katikati, na wengi hawajawahi kukiona.

Kuna sababu nyingine ya kugawa, na hii ni kwa faida ya mgawaji. Mmea ulio kwa mtu mmoja uko hatarini. Mchwa yupo, kiangazi kipo, mbuzi wapo, na mafundi wa kujenga ukuta wapo, ambao hurundika kokoto palepale penye shina. Haibiskasi yangu nyeupe yenye petali nyingi ilikwenda na ujenzi wa namna hiyo. Leo ninayo tena, kwa sababu nilikuwa nimempa jirani kitawi, naye akanikatia kutoka kwenye kichaka chake kilichokuwa kimeshanipita kimo. Ningekuwa nimeibania, ingekuwa imetoweka mtaa mzima.

Simaanishi wenye vitalu kando ya barabara wakose riziki. Samadi, vyungu, viriba, mawaridi yaliyounganishwa kwa ustadi, vyote hivyo nanunua kwao na nitaendelea kununua. Wao wenyewe hawakatazi kugawana. Aliyeonja raha ya ua moja la kupewa ndiye anayerudi kwao kununua la pili.

Kugawa nako kuna mpaka. Oleanda ina sumu kali, majani hata maua yake, kwa hiyo simpi mwenye mtoto anayetambaa au mwenye mbuzi bila kumweleza wazi. Lantana sigawi kabisa. Ililetwa kutoka Amerika kwa ajili ya uzuri wake, ndege wakala matunda yake, na leo imefunga malisho na kingo za misitu. Gugu maji nalo lilisafiri duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa Ziwa Victoria wanahangaika nalo. Mpe mtu ua pamoja na habari zake.

Ninalotamani tuligawane zaidi kuliko yote ni la kwetu hapa hapa. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alituma kwa baba yake Ujerumani mbegu za mmea mdogo wenye majani manene ya manyoya na ua la urujuani. Uliota kwenye nyufa za mawe ya chokaa si mbali na mji wa Tanga, na pia katika misitu ya Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha. Leo wataalamu wanauweka katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wapenzi wake bado wanauita Saintpaulia. Umejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wamarekani wana chama chao cha ua hili tangu 1946. Wanabadilishana majani kwa barua!

Majani, ndiyo, maana mmea huu hauhitaji hata kijiti. Chukua jani moja zima pamoja na kikonyo chake, kata kikonyo mshazari, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa majani yaliyooza, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka barazani penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Baada ya wiki kadhaa, chini ya jani huchomoza vijani vidogo mno, vyenye manyoya tayari, na kila kifungu ni mche. Mmea mmoja unaweza kuhudumia mtaa mzima wala usidhurike.

Lakini pita nyumba kumi hapa Tanga, utakuta bogenvilia ya Brazili na vinka ya Madagaska. Ua lililotoka kwenye mawe yetu hulikuti. Na huko porini makazi yake yanapungua, kwa sababu linategemea kivuli cha msitu: miti ikikatwa, mwamba unakauka na ua linakufa. Ndiyo maana sitaki makala hii imtume mtu msituni kung'oa. Kwanza hifadhi zina sheria zake, na pili mmea uliobanduliwa kwenye mwamba mara nyingi hufia njiani. Tunachohitaji ni watu wachache wenye miche iliyozalishwa kihalali kwenye vitalu, wakubali kutoa jani kwa kila anayeomba, na walimu wa shule za Tanga, Muheza na Lushoto wawape wanafunzi jani mojamoja wakalioteshe nyumbani. Kama unao mmea huu barazani kwako, kausha mikono, chagua jani la safu ya katikati, si changa wala si zee, umpe wa kwanza atakayeuliza jina lake.