Siku moja ya tofauti, miezi mitatu ya kusubiri

Kaa kwenye benchi nje ya wodi ya upasuaji hapa Mbeya, usikilize ndugu wa wagonjwa. Utasikia kwamba kufungua tumbo ni mambo ya kizamani, siku hizi watu wanatobolewa matundu tu. Jirani yangu wa Uyole, mama mkulima wa viazi, aligundulika na uvimbe kwenye utumbo mpana. Daktari alikuwa tayari kumfungua wiki iliyofuata. Wanawe wakakataa: mama yetu hachanwi tumbo zima wakati Dar kuna matundu. Wakaanza kuchangishana.

Hoja yao ina ukweli, na siipuuzi. Kwenye upasuaji wa matundu, tumbo linajazwa gesi ya kabonidayoksaidi, kamera inapitishwa karibu na kitovu na vyombo virefu vinapita pembeni. Maumivu yanapungua, kidonda kinakuwa kifupi. Kwa mtu anayeishi kwa jembe na kubeba lumbesa, hilo ni jambo kubwa, maana kovu refu la katikati ya tumbo linaweza kulegea na kuleta ngiri. Hata ile hofu ya miaka ya 1990, kwamba saratani ingeota kwenye matundu yenyewe, ilipungua sana mwaka 2004, Marekani ilipochapisha utafiti wa wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliopangiwa matundu na asilimia 18 ya waliopangiwa kufunguliwa. Kitakwimu, hapo hakuna aliyemshinda mwenzake.

Lakini utafiti huohuo una namba nyingine ambazo hazifiki kwenye benchi la wodi. Waliopangiwa matundu walikaa hospitali siku 5, waliofunguliwa siku 6. Sindano za kutuliza maumivu makali zilitumika siku 3 dhidi ya 4. Siku moja, na siku moja. Tena kila daktari aliyeshiriki alitakiwa awe ameshafanya upasuaji wa aina hiyo mara 20 au zaidi, na bado mgonjwa mmoja katika kila watano waliopangiwa matundu aliishia kufunguliwa. Mkato nao haukwepeki, kwa sababu kipande cha utumbo kikishakatwa lazima kitolewe, na hakipiti kwenye tundu la unene wa kidole.

Hiyo siku moja nimeiwaza sana. Siidharau: ni siku moja ya ndugu kulala kwenye mkeka, kununua chakula, kuacha shamba. Ila inaweza kupatikana kwa njia nyingine. Mwaka 1999, daktari wa upasuaji Henrik Kehlet na mwenzake wa Denmark waliripoti wagonjwa 16 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana kwa kufunguliwa, na wengi wao walirudi nyumbani baada ya siku 2. Walidhibitiwa maumivu vizuri, hawakuachwa na mpira puani, walianza kula mapema na kutembea mapema. Huku kwetu bado kuna wodi ambako nesi anapita kila asubuhi kumuuliza mzee, "Umeshajamba?" na mzee akisema bado, hata uji hapewi. Ni kweli utafiti wa baadaye wa Uholanzi ulionesha kuwa matunzo hayo yakiunganishwa na matundu, mgonjwa anatoka mapema zaidi. Lakini matunzo hayo tunaweza kuyaanza kesho, kabla ya kununua kamera hata moja.

Halafu tuangalie ni nani hasa anayekatwa utumbo mpana huku. Wengi hawaji na uvimbe mdogo uliogunduliwa mapema. Kuna mzee anayeletwa usiku kutoka Ileje au Makete, tumbo limejaa kama ngoma, utumbo umejisokota na pengine umeshaanza kuoza. Tumbo la namna hiyo halina nafasi ya gesi wala kamera. Na utumbo unaojisokota huwa ni mrefu na umelegea, kwa hiyo usipokuwa umeoza, daktari anaweza kuuvuta nje kwa mkato mfupi tu. Anayejua kufungua vizuri ndiye anayemwokoa mzee huyu, na ujuzi huo haustahili kuonewa aibu.

Kinachonisumbua zaidi kuhusu kufungua ni usaha. Kidonda kinachochimba kinamla mgonjwa wiki nzima, si siku moja. Hapo matundu yana hoja yao nzito kuliko zote. Ila mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 13,000 katika nchi 7, Rwanda ikiwemo: timu zilizobadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga tumbo ziliona vidonda vilivyochimba vikishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Ni glavu safi na seti nyingine ya vyombo, basi. Je, mnabadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga? Swali hilo ndilo ningependa ndugu wamuulize daktari.

Uvimbe ukigunduliwa mapema, haujaziba, na yupo karibu daktari anayefanya matundu kila wiki, ningemwambia mgonjwa achague matundu bila kusita. Ninachopinga ni kukimbia mkono mzuri ulio hapa na kusubiri kamera iliyo mbali.

Mama wa Uyole alisubiri miezi 3. Ng'ombe wawili waliuzwa na bado hela haikutosha. Usiku mmoja uvimbe ukaziba kabisa, tumbo likavimba, akafunguliwa kwa dharura katika mkoa huuhuu aliokatazwa kufunguliwa. Utumbo haukuweza kuungwa siku ile, kwa hiyo sasa choo kinatokea kwenye mfuko ubavuni, na mfuko wenyewe unanunuliwa. Nilipomtembelea alikuwa ameukunjia kanga juu yake, anachambua mbegu za viazi. Anasubiri upasuaji wa kuurudisha utumbo. Safari hii wanawe wameuliza tarehe tu.