Marie anajua, ila hataki

Katika Sous le sable, filamu ya François Ozon ya mwaka 2000, Jean anamwacha mkewe Marie akiota jua ufukweni Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, anakwenda kuogelea. Harudi. Anatafutwa, hapatikani. Kisha tunamkuta Marie yuko Paris, anakula na marafiki, anamtaja mumewe kana kwamba yuko nyumbani anamsubiri. Akifika nyumbani, kweli yupo: Jean yuleyule, anayeigizwa na Bruno Cremer, na mwili wake mkubwa, wanaongea kama kawaida. Hakuna ukungu wala muziki wa kutisha.

Ni rahisi kusema Marie, anayeigizwa na Charlotte Rampling, karukwa na akili. Sikubali. Marie anajua kilichotokea, tena anajua sana. Ni mhadhiri, anafundisha The Waves, riwaya ya Virginia Woolf, mwandishi aliyejizamisha mtoni mwaka 1941. Siku moja darasani anamtambua kijana aliyekuwa miongoni mwa waokoaji waliomtafuta Jean, na somo linamshinda. Kijana akimfuata, anakana kuwahi kufika kule. Asiyejua angekimbia nini?

Marafiki wanamharakisha, kwa nia njema tu. Anapatikana mwanamume mwingine, Vincent. Wakiwa kitandani Marie anaangua kicheko: huyu bwana mwepesi mno! Nami nilicheka, halafu nikaona haya.

Kwetu mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hata matanga yana siku yake ya kuanuliwa. Ila hesabu hiyo huanzia kwenye kifo kinachojulikana. Marie hana maiti wala kaburi, basi aanze kuhesabu lini? Wanaomwambia akubali yaishe wanamtaka amalize msiba ambao hata haujatangazwa.

Sehemu niliyoirudia ni ile ya mama mkwe. Bibi yule anamwambia mkwewe, bila huruma, kwamba huenda Jean hakufa wala hakujiua: alimchoka tu, akaenda kuanza maisha mapya. Maneno makali, lakini tazama vizuri, bibi naye anakana. Kwake, mwanawe hajafa. Bibi amejichagulia tu uongo unaomchoma mwenzake. Wanawake wawili wanamgombania mtu mmoja asiyekuwepo, na hakuna kati yao aliye tayari kumzika.

Mwili unapopatikana, Marie anashauriwa asiutazame. Anashikilia autazame, na uso wake unasema yote. Kisha anaoneshwa saa ya mkononi, anacheka: hii si yake. Anakwenda ufukweni, analia kilio cha kweli, na mtu angedhani hapo ndipo filamu itafungwa. Lakini anamwona mwanamume kwa mbali, anaanza kumkimbilia.

Anayelalamika kwamba mwisho huo haueleweki, nadhani alitaka Marie apone ili yeye mtazamaji aende kulala vizuri.