Kisumu ijenge uwanja wa barafu?

Kila Desemba, siku moja baada ya Krismasi, vijana wa chini ya miaka 20 kutoka mataifa 10 huanza kuwania ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu. Canada ndiyo iliyotwaa dhahabu mara nyingi zaidi. Marekani ilishinda 2024 na 2025. Tangu Kenya ipokelewe katika shirikisho la kimataifa mwaka 2024 kama mwanachama mshiriki, wapo mashabiki wanaodai kwamba Kisumu au Nakuru nazo zijengewe uwanja wa barafu, vijana wetu wafike huko.

Dai hilo lina uzito. Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, walijifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Nairobi, uwanja mdogo kuliko ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60, na mwaka 2018 wakaalikwa Canada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby, nyota wa hoki wa Canada. Afrika Kusini nayo imeshacheza madaraja ya chini ya mashindano haya ya vijana. Na magongo hayatupigi chenga: shule za Musingu, Kamusinga na St. Anthony's Kitale zimelea wachezaji wa hoki ya uwanjani miaka nenda miaka rudi.

Lakini gongo la uwanjani limebapa upande mmoja tu, na ni marufuku kuugusa mpira kwa mgongo wake. Kwenye barafu pande zote mbili zinatumika, na kisahani cha raba ngumu kinachopigwa badala ya mpira hakidundi kama mpira wa Kamusinga. Mchezaji wetu angekuwa na jicho la pasi na ujasiri, ila mikono ingebidi ifundishwe upya. Miguu ndiyo kazi kubwa zaidi. Watoto wengi wa Sweden huvaa viatu vya barafu kabla hawajaanza shule.

Halafu kuna umeme. Barafu ya kuchezea hukaa nyuzi kadhaa chini ya sifuri mchana na usiku, katika mji ambao joto hupita nyuzi 30. Wauza samaki wa ufuo wa Dunga, hapo Kisumu, wanajua stima ikipotea nini hutokea kwenye masanduku yao. Bili hiyo ingelipwa na nani, wakati shule nyingi bado zinacheza hoki kwenye vumbi?

Kwa hiyo mimi sikubaliani na uwanja wa barafu Kisumu, si sasa. Tuanze na sakafu laini ya saruji na viatu vya magurudumu. Magurudumu hufundisha kusukuma, kugeuka na kuinamia gongo huku unakimbia. Hayafundishi kusimama ghafla kwa kukwaruza barafu kwa ubavu wa kiatu, na pengo hilo ni kubwa, maana mchezo mzima ni kukimbia na kusimama. Basi likizo za shule ziwe za kambi Nairobi, na kaunti ilipe nauli na saa za uwanja. Huko ndiko pesa ziende kwanza.