Mkana Mungu ni nani hasa?

Kiswahili chetu kimeshamhukumu mtu huyu kabla hajafungua kinywa. Tunamwita mkana Mungu, na kukana ni kukataa jambo unalolijua: Petro alimkana Bwana wake, mshtakiwa hukana shtaka. Kwa neno hilo moja tumeshasema kwamba moyoni anajua Mungu yupo, ila kiburi hakimruhusu kukiri. Mimi ni muumini na Jumapili utanikuta kanisani, lakini naona hapo hatumtendei haki.

Kenya jambo hili huwasha moto haraka. Wimbo wa taifa unaanza na "Ee Mungu nguvu yetu", na utangulizi wa Katiba ya 2010 unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Ibara ya 32 ya Katiba hiyohiyo inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Chama cha wasioamini kilisajiliwa Februari 2016, kikasimamishwa Aprili, kikarudishwa baadaye. Na kila suala hili linapozuka husikika hoja ileile: kutoamini ni kitu cha kuletwa, Mwafrika hakuumbwa hivyo.

Hoja hiyo ina mtetezi wa heshima. John Mbiti, msomi wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, hakukubali, na kisa alichokieleza hakinitoki. Wamisionari waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya wageni wale, kwa hiyo swali likawa: nani aliwafinyanga? Wazee wakajibu kwamba watu huzaliwa na mama zao. Wakabanwa tena na tena. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda akawa na kibiongo, na pepo anayewafinyanga watu namna hiyo huitwa Rubanga. Jina hilo ndilo likawa la Muumba.

Sisemi Mbiti alikosea kila mahali. Kwetu Pwani Mulungu, ndiye Mungu kwa lugha zetu, aliitwa kabla ya mmisionari yeyote kutia mguu. Lakini wale wazee wa Acholi hawakuwa wamesoma kitabu cha Mzungu asiyeamini. Waliulizwa swali lisilokuwa lao, wakajibu kwa ukweli, na ukweli wao ukaonekana haufai.

Sasa tazama sensa ya 2019. Watu 755,750, kama asilimia 1.6 ya Wakenya, waliwekwa kwenye fungu moja: wasio na dini na wasioamini Mungu. Kaunti iliyoongoza haikuwa Nairobi yenye vyuo vikuu na intaneti kila kona, ilikuwa Kilifi: zaidi ya 146,000 katika wakazi milioni 1.45, karibu mtu mmoja kwa kila kumi. Nimeirudia namba hii mara nyingi, kwa sababu Kilifi ndiko kwetu na watu hawa nadhani nawajua. Kwetu "dini" ni msikiti au kanisa. "Hana dini" maana yake hajasilimu wala hajabatizwa. Nyanya yangu, ambaye huwamwagia koma, roho za wazee waliotangulia, tembo la mnazi na kumtaja Mulungu kabla jua halijachomoza, ukimuuliza dini yake atakwambia hana. Fomu ilikuwa na fungu la dini za jadi pia, lakini atalichaguaje mtu ambaye kwake ile si dini, ni maisha tu? Kwa hiyo anayemwomba Mungu kila alfajiri na kijana aliyeacha kuomba kabisa wanahesabiwa kama watu wa aina moja, halafu tunatumia jumla yao kuhubiri kwamba kizazi hiki kimepotea.

Huyo aliyeacha naye nina wa kwangu. Mwaka 2018 ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alimzika mwanawe wa miaka minne baada ya malaria kumpanda kichwani. Ndugu huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya, msomaji wa neno madhabahuni. Matangani kila aliyempa mkono alimwambia kazi ya Mungu haina makosa, na wengine wakaongeza kwamba Mungu amempenda mtoto zaidi. Usiku, tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, akaniuliza polepole: "Kaka, jirani angekuwa na dawa kabatini akakaa kimya, kesho tungemwimbia?" Nilimmiminia chai. Sikuwa na kingine.

Hakuacha imani usiku ule. Aliendelea kuomba kwa miezi, akaniambia baadaye kwamba alikuwa akisubiri hata dalili ndogo, na hakusikia kitu. Watu husema wanaoacha hukimbia makosa ya wachungaji, na ni kweli maiti zaidi ya 400 zilizofukuliwa kuanzia 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, za wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa, zimewakimbiza wengi. Ila mhubiri mbaya hathibitishi lolote kuhusu Mungu, na ndugu yangu analijua hilo vizuri. Yeye alikosa jibu, basi. Wakamzulia kwamba ameingia kwa waabudu shetani, mtu ambaye hata huyo shetani haamini kama yupo. Wakamsomea Zaburi ya 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu", wakairuka ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mwishoni mwa kitabu cha Ayubu waliokasirikiwa na Mungu ni wale marafiki waliokuja na majibu tayari.

Lakini mama yake, mama mkubwa wangu, alimzika mjukuu yuleyule akatoka kaburini ameshika imani kwa mikono miwili. "Nikimwacha Mungu, mtoto huyu nitamlilia kwa nani?" aliniambia. Wapo wanaosema imani ya watu kama yeye ni woga, au ni umaskini unaotafuta pa kuegemea. Hawajamwona. Wanawake wa kanisa lake ndio waliochanga bili ya hospitali, ndio waliolala naye chini siku zote za matanga. Anaamini kwa sababu alibebwa, na mtu aliyebebwa ana haki ya kusema kuna aliyembeba. Kaburi moja, wawili walioondoka wakielekea pande mbili, na mimi sijaona nani kati yao aliyefikiri kidogo kuliko mwenzake.

Usiku wa Agosti 24 kuamkia 25 mwaka 2019 nilikuwa nyumbani kwao, na karani wa sensa alipopita, mmoja alijibu kwa niaba ya wote, kama kawaida. Alijibu mama mkubwa. Swali la dini lilipofika hakugeuka kumwangalia yeyote. "Sisi sote Waprotestanti," alisema, na karani akaandika, hata kwa nyanya aliyekuwa amelala chumba cha nyuma. Ndugu yangu alikuwa mkekani akiumenya muhogo. Alimtazama mama yake, akaendelea kumenya.